Msaipresi Wenye Alama Nyekundu

Nani alikuwa ameuchora msaipresi wa pembeni alama ile nyekundu, na alitaka ufanywe nini? Nyaruai alisimama mbele ya mti huo na panga mkononi, umande ukimlowesha viatu. Alama yenyewe ilikuwa X ya rangi ya mafuta, iliyopakwa na mkono wenye haraka hata ikachuruzika juu ya gome. Mti uliota mahali ambapo shamba la baba yake, Mzee Gathii, lilikutana na la jirani yao, Mzee Wakhungu, nje kidogo ya mji wa Kitale. Nyaruai aliufahamu mti ule tangu hajaanza shule, na hakuwahi kuuona ukiwa na rangi.

Alijaribu kufikiri kwa utaratibu, kama alivyozoea kufanya chuoni. Kila mahali alipopata kuiona X nyekundu, maana yake ilikuwa moja tu. Vibanda vya kando ya barabara ya kwenda Suam vilichorwa X, na haukupita muda vikabomolewa ili barabara ipanuliwe. Ukuta wa kinyozi wa baba ulichorwa X, na kinyozi akahamisha kiti chake siku iyo hiyo. Kilichochorwa X kinaondoka. Basi baba ameamua kupunguza ua, alijiambia, na kama mti huu utakatwa hata hivyo, heri ukatwe kwa ajili ya Krismasi.

Angeweza kumpigia baba simu, lakini Mzee Gathii alikuwa ameondoka alfajiri kupeleka vitunguu Suam, na Nyaruai alitaka akirudi akute jambo ambalo hakulitarajia. Aliinama, akaanza kukata chini ya alama. Shina lilikuwa na unene wa kifundo cha mkono, nalo lilianguka polepole, likiegemea upande wa Mzee Wakhungu kabla hajalivuta.

Miaka minne ilikuwa imepita tangu mama yake, Mary Ann, afariki, na kwa miaka hiyo minne Krismasi ilipita nje ya nyumba yao. Walikwenda kanisani, walikula chapati na kuku, lakini kuta zilibaki tupu. Zamani haikuwa hivyo. Kila tarehe ishirini na mbili Desemba, Nyaruai na Nekesa, binti wa Mzee Wakhungu, waliukata kichwa msaipresi uo huo. Kilele kilisimamishwa sebuleni kwa akina Nyaruai, ndani ya ndoo iliyojazwa mawe. Matawi ya chini yalichukuliwa na akina Nekesa, ambao waliyapeleka Bungoma kwa nyanya yao, waliyemwita Kukhu, na kuyafunga juu ya mlango wa nyumba yake. Mti haukufa. Ulichipua upya kutoka ubavuni kila mwaka, hata kisiki chake kikawa kinene chenye mafundo, kimezama kwenye nyasi, na juu yake shina jipya jembamba. Mama zao wawili walikaa sakafuni wakinyambua pamba kuwa theluji ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuiona, wakicheka mambo ambayo watoto walifukuzwa wasiyasikie.

Wazo la kuyarudisha hayo yote lilimjia Novemba. Alikuwa ametoka darasani, chuoni Kibabii, akapitia Bungoma mjini kwenye kibanda ambacho Nekesa alishonea nguo.

"Niaje, msomi," Nekesa alimpokea bila kuinua macho kwenye cherehani. "Umekuja kupimwa gauni ama umekuja kunipima akili?"

"Nataka turudishe Krismasi."

"Ati turudishe? Kwani ilienda wapi?"

"Kwetu iliondoka na mama."

Nekesa aliacha kukanyaga cherehani. Alimtazama rafiki yake, akakata uzi kwa meno. "Sawa, bana. Tafuta mti, ulete matawi kwa Kukhu tarehe ishirini na tatu. Sisi wote tutakuwa huko. Mimi nitaleta karatasi za krepu. Lakini tafadhali usilete hotuba. Wewe hata pamba unaweza kuitolea hotuba."

"Wazee hawajambo?"

"Nilisikia walizozana kidogo mwezi wa nane, wako na wangu. Hata sijui ilikuwa nini. Si unajua wazee."

Nyaruai hakuuliza zaidi. Mwezi wa nane alikuwa na mitihani, na baba alipopiga simu alisema nyumbani wote ni wazima.

Kufikia saa tisa alasiri sebule ilikuwa imegeuka. Mti ulisimama ndani ya ndoo, ndoo imefunikwa kwa kitenge cha mama. Karatasi za shashi zilizosokotwa zilipita darini kutoka pembe hadi pembe. Baluni kumi zilining'inia, na moja ilikuwa tayari imepasuka na kumtoa roho. Kadi za zamani, ambazo mama alizitunga kwenye uzi mmoja na kuzihifadhi katika kopo la biskuti, zilipangwa juu ya kabati: kengele, mishumaa, nyumba zenye theluji, na ndani ya kila moja salamu za watu ambao baadhi yao hawakuwapo tena. Mlangoni aliandika kwa chaki, herufi kubwa zenye vivuli, akimtakia kila aingiaye sikukuu yenye amani.

Mzee Gathii aliingia akiwa na kofia mkononi na vumbi la Suam kwenye nyusi. Alisimama. Alizitazama karatasi za darini, akazitazama kadi, akaifungua moja na kusoma mwandiko wa mkewe, midomo ikisogea.

"Maitu," alisema hatimaye. Ndivyo alivyomwita Nyaruai tangu azaliwe, "mama yangu" kwa Kikikuyu, kwa kuwa binti huyo alibeba jina la mama mzazi wa Gathii. "Maitu, umefanya kitu."

Nyaruai alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Kisha alimwona baba akiinama kuirekebisha ndoo, na kitenge kikasogea, X nyekundu ikachungulia, na mkono wa mzee ukasimama hewani.

"Huu mti umetoa wapi?"

"Pembeni, Baba. Palepale pa siku zote. Niliona mmeuchora X, nikadhani mnataka ukatwe."

Mzee Gathii alikaa kitini kabla hajakitazama kiti kiko wapi. Alivuta droo ya kabati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa. Ilikuwa na muhuri. Nyaruai aliisoma kwa sauti kwa sababu alihitaji kuisikia ili aiamini:

"Pande zote mbili zimekubali kwamba msaipresi uliopakwa alama nyekundu ndio mpaka wa muda, hadi mpima ardhi atakapofika tarehe sita Januari. Mtu yeyote wa upande wowote asiuguse. Upande utakaoiondoa alama hii utahesabiwa kuwa umeliacha dai lake."

Chini yake palikuwa na sahihi tatu: ya Gathii, ya Wakhungu, na ya Wakoli, naibu wa chifu.

"Dai gani, Baba?"

"Wakhungu anasema shamba lake linafika kwa kisima. Mimi nasema langu linapita mti, linafika kwa lile jiwe la upande wake. Tuliongea vibaya. Tukaenda kwa Naibu, yeye akapaka mti rangi, akasema hapa ndio tutasimama mpaka savea akuje." Mzee alijipangusa uso kwa kofia. "Na hiyo laini ya mwisho si Naibu alifikiria. Ni mimi nilisema aongeze. Nilijua Wakhungu ndiye atasumbua."

Kisima kilikuwa hatua kumi na mbili kutoka mlango wa jikoni. Mary Ann ndiye aliyekichimbisha mwaka aliofungua bustani ya mboga, na alisimama juu ya udongo uliotolewa siku tatu mfululizo, akiwaambia wachimbaji kwamba hawataondoka hadi aonje maji. Nyaruai aliusoma tena mstari wa mwisho. Haukubadilika.

"Twende tumwambie Mzee Wakhungu. Ataelewa. Ni kosa tu."

"Kosa?" Baba alimtazama. "Karatasi imeandika kosa? Imeandika kuondoa. Ukisema ni wewe, wewe ni upande gani? Ni upande wangu. Kisima kimeenda."

Aliigeuzageuza kofia mikononi. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imetulia, na utulivu huo ulimwogofya Nyaruai kuliko ghadhabu.

"Rotich alikuwa huku juzi na ile mashine yake ya pawasoo, akikata miti ya huyo mama wa hapo chini. Si ndiyo? Na Rotich anakunywa. Amekosea mti. Nani atashangaa?"

"Lakini Baba, Rotich hakuukata."

"Rotich atapoteza nini? Ataitwa kwa ofisi, atagombezwa, atarudi kwake. Sisi tutapoteza maji ya mama yako." Akainuka. "Kesho enda Bungoma vile mlipanga. Usipoenda watauliza. Wakiuliza matawi, sema umenunua soko."

Alichukua msumeno, akaukata mguu wa mti uliokuwa ndani ya ndoo, kipande chenye X, akakitupa katika meko ya jikoni. Rangi iliungua kwa moshi mweusi wenye harufu kali iliyokaa kooni. Kisha akatoka. Nyaruai alibaki akishikilia uzi wa kadi, akisikiliza msumeno ukienda na kurudi kule pembeni, baba akilisawazisha pigo la panga kwenye kisiki lifanane na kazi ya mashine. Mti ulirudishwa ndani ya ndoo ukiwa mfupi zaidi, na baluni zilitikisika kila mlango ulipofunguliwa.

Siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, alifika kwa Kukhu, karibu na Kibabii, akiwa na gunia la matawi. Usiku kucha alikuwa amejizoeza sentensi moja, *nimenunua soko la Kitale*, na kila alipoirudia ilizidi kuwa nzito mdomoni.

Boma lilikuwa na shughuli. Ingawa wanawe walikuwa wamemjengea nyumba ya matofali, Kukhu alikataa katakata kuiacha ile ya udongo, na kila Desemba ilisilibwa upya. Mama Nekesa alikuwa amepiga magoti chini ya dirisha, mikono imezama hadi viwiko katika udongo mweupe, akichora mawimbi kwa vidole vinne juu ya ukanda wa kijivu. Kukhu alikaa kivulini, akisimamia.

"Hiyo imepinda," Kukhu alisema.

"Mama, imepinda kwa sababu ukuta umepinda."

"Ukuta haujapinda. Ni wewe umezoea nyumba za Kitare."

Nekesa alimkimbilia Nyaruai, akampokonya gunia. "Msomi ameingia! Kukhu, angalia mikono yake, haijawahi kugusa udongo tangu aende chuo. Leo utasiliba, usitoroke."

"Nitasiliba."

"Aih. Mbona sauti hivyo? Umelala kweli?"

Mzee Wakhungu alitokea nyuma ya nyumba, mrefu, shati limefunguliwa vifungo viwili, akainyoosha mikono yote miwili. Nyaruai alikuwa amejiandaa kuikuta sura ya mtu mwenye ugomvi, lakini hakuikuta.

"Kalibu, kalibu, mwanangu! Umereta matawi! Nilisema hawa watoto wamesahau." Aliushika mkono wake kwa muda. "Baba hajambo? Tumekosana kidogo, sikufichi. Lakini ule mti umetusaidia sana. Kila mtu anarara kwake bira wasiwasi, tunangoja savea. Haya matawi mazuli. Ya wapi?"

"Ya Kitale," Nyaruai alisema. Halikuwa uongo, na bado alihisi uso ukimwaka.

Alipanda juu ya kigoda, akaanza kufunga matawi juu ya mlango kwa kamba ya katani. Nekesa alimpa tawi moja baada ya jingine, na katikati ya majani wakachomeka maua ya bugenvilia na vipande vya krepu. Harufu ya msaipresi ilitanda mlangoni. Nekesa alilishika tawi moja, akaligeuzageuza.

"Hii ni kama ile ya zamani kabisa," alisema. "Hata haya mafundo. Kumbe soko siku hizi wanauza..."

Hakumaliza, kwa sababu simu ya Mzee Wakhungu ililia. Mzee alikuwa na udongo mikononi, akaibonyeza kwa kifundo cha kidole na kuiweka juu ya dirisha, sauti ikasikika uwanjani kote.

"Jirani," ilikuwa sauti ya Mzee Gathii, ikijitahidi kuwa ya kawaida. "Heri ya Krismasi. Sasa, kuna kitu kimetokea huku nimeona nikuambie mapema. Nimetoka Suam nikapata ule mti wa pembeni umekatwa."

Mikono ya Mama Nekesa ilitulia ukutani. Kukhu aliinua kichwa.

"Umekatwa? Na nani?"

"Nafikiria ni Rotich. Alikuwa huku na pawasoo. Ukiangalia vile mti umekatwa, unaona ni mashine."

"Lotich!" Mzee Wakhungu alipiga paja, akaacha alama nyeupe ya kiganja. "Huyo kijana! Si Naibu alimwambia mwezi juzi, akiwa mimi nasikia? Alimwambia, kosa moja tu tena, hiyo pawasoo inafungiwa kwa ofisi. Na ndiyo inarisha watoto wake. Sasa itafungiwa."

Nyaruai alimfahamu baba yake. Alijua kwamba hilo la kufungiwa mashine hakuwa akilijua. Alingoja aseme kitu. Sekunde zilipita, akasikia pumzi yake tu, kisha: "Ni makosa yake. Angeuliza."

Nekesa alikuwa ameganda, tawi bado mkononi. Aliyatazama majani, akautazama uso wa Nyaruai, kisha akasogea karibu na kigoda hadi bega lake likamgusa goti.

"Mimi sijaona kitu," alinong'ona. "Wewe funga hapo juu. Maliza, ushuke."

Wema huo ulimuumiza Nyaruai kuliko lawama. Angeweza kumaliza, angeshuka, wangekunywa chai. Januari tarehe sita mpima ardhi angenyoosha kamba yake, na kisima pengine kingebaki nyumbani. Mama yake alisimama siku tatu juu ya udongo kwa ajili ya maji hayo. Nyaruai alijaribu kumwuliza moyoni, lakini wafu hawakuwahi kumwambia lolote, hata alipowaomba sana. Alichokiona ni mtu asiyekuwapo pale, Rotich, ambaye kwa kweli hakumfahamu zaidi ya kumsalimia njiani, akiitwa ofisini kueleza jambo asilolijua, na hakuna atakayemwamini kwa sababu anakunywa. Aliiachia kamba, fundo likafunguka.

"Gathii, usijari," Mzee Wakhungu alikuwa akisema. "Nitapigia Wakoli leo leo amwite. Na mtoto wako amefika, yuko hapa juu ya kigoda kama kasuku. Msalimie."

"Maitu," sauti ya baba iliita kutoka dirishani. "Umefika salama?"

Nyaruai alishuka. Aliushika ukuta ajiegemeze, na kiganja chake kikazama katika mawimbi mabichi ya Mama Nekesa. Kukhu alifungua mdomo amkemee, akaufunga. Wote walikuwa wakimtazama.

"Nimefika salama, Baba," alisema, akihakikisha kwamba simu inamsikia na uwanja unamsikia. "Nisamehe, nasema ukiwa unasikia. Mzee Wakhungu, usimpigie Naibu kuhusu Rotich. Rotich hakuugusa mti. Nimeukata mimi, jana asubuhi, kwa panga, nikidhani alama ile ni ya kuukata, na haya tuliyoyafunga mlangoni ndiyo matawi yake. Baba hakunituma. Hakuwa nyumbani. Karatasi nimeisoma, mstari wa mwisho pia, na ninajua tunapoteza nini. Tarehe sita Januari nitakuwa pale pembeni, nami nitamwambia Naibu na mpima ardhi maneno haya haya."